Mtori wa Mzazi

“Ungewapa na mifupa wainyonye!” Mzazi wa chumba cha pili alikuwa anamfokea mumewe, mwiko mkononi, na sauti ikavuka bahari pale Magogoni bila pantoni. Mumewe huyo, Ansbert, muuza mashuka, jana alikaribisha wenzake wa dukani waje kumwona mtoto, wakakomba mtori wote, ule mchuzi mzito wa ndizi na nyama. Mtori wa mzazi! Hasira zikanipanda na mimi, maana huyu mwanamke namwona kila siku hapa uani. Akimenya ndizi, ganda ni jembamba mpaka jua linapenya. Vipande vya sabuni vyembamba kama ukucha anavikusanya ndani ya soksi, anafulia nepi alizokata kwenye shuka kuukuu, na povu linalobaki lingeosha Kariakoo nzima na Gerezani juu. Vidole vimechubuka, hanunui hata mafuta ya kupaka. Nyama ya mtori tu ndiyo hajipunji.

“Mgeni ni mgeni, mama Jeni. Ningewaambia nini?”

“Ungewaambia mwanao hajashiba! Maziwa yatoke wapi, ukutani?”

Mtoto alikuwa analia, titi mdomoni.

“Ansbert, baba,” nikadakia kutoka mlangoni kwao, “nilimjua mmoja aliyekula cha mzazi, akaota meno mgongoni. Kulala chali hawezi mpaka leo.”

Hakucheka. Mkewe akaipua sufuria ya mtori wa leo, akaitua sakafuni, akavuta pumzi aendelee.

“Hodi, hodi! Tumekuja tena kumwona mtoto!”

Wenzake wale wale, mikono mitupu. Ansbert akageukia mlango akitabasamu, na kwa kisigino akaisukuma sufuria uvunguni mwa kitanda.