Magauni ya Manjano ya Yule Mbrazili

Harufu ya nguo mpya, ile ya rangi na mafuta ya cherehani, hadi leo hunirudisha utotoni. Mwaka niliotimiza miaka kumi, chumba chetu cha mtaa wa Sanyuanli, huko Guangzhou, China, kilinuka hivyo kutwa, na kutoka maduka ya chini ulipanda wimbo mmoja tu, wa yule mwimbaji wa Kibrazili. Kireno sikujua hata neno, lakini maisha yake niliyajua kama ya jirani: alivyoanzia kwaya ya kanisani, akaimba kwenye harusi za mtaani kwao, kisha akajifunza Kihispania na Kiingereza mpaka dunia nzima ikamwitikia. Kila alipopanda jukwaani alivaa gauni la manjano la kumeremeta. Mama, mfanyabiashara wa nguo kutoka Mwanza, alizoea kunitania, "Huyo dada yako wa Brazili leo kaamkaje?"

Siku moja utani ukaisha. Aliniketisha juu ya robota la nguo, akaniuliza kama wasichana wa nyumbani wangelitaka gauni lile. Nikajibu kwa kiburi, "Watagombania, mama!" Tukachagua kitambaa kwenye soko la Zhongda, tukapeleka picha kiwandani. Mama hakujua Kichina, hivyo mkalimani nilikuwa mimi, kama watoto wengi wa wafanyabiashara kule. Njiani akaniambia waziwazi: mzigo ukitoka, tunabaki wote Guangzhou, ukidoda, mimi nitarudishwa Mwanza kwa bibi.

Kabla kitambaa hakijakatwa, nikaona video kwenye simu ya mama. Mbrazili wangu amenyoa kipara, amevaa nyeusi tupu, anatangaza albamu mpya, na lile gauni la manjano analikanyaga mbele ya watu. Mama alikuwa anasonga ugali huku akiuimba ule wimbo kwa maneno ya kubuni. Nikaizima simu. Kesho yake laoban, yaani mwenye kiwanda, mwanamke mfupi asiyecheka, akaninyooshea kidole: "Mwambie mama yako wenzake wameacha manjano, wanaagiza nyeusi. Bado hatujakata." Mama akanigeukia, "Anasemaje?" Nikasema, "Anasema kitambaa ni kizuri."

Mficha uchi hazai. Majuma yaliyofuata, kila katoni ilipofungwa, mlio wa utepe wa gundi ulinishtua, na mama akidhani naumwa akanichemshia tangawizi. Mungu wangu, ile tangawizi! Mzigo ulifika nyumbani ukadoda, kila msichana anataka nyeusi. Nikarudishwa Mwanza. Mama aligawa yale magauni kwa kwaya ya bibi, na kila Jumapili akina mama thelathini walisimama mbele yangu wakimeremeta. Sikuweza kuinua macho.

Mbrazili sasa anajaza viwanja vya mpira, ameshabadilisha rangi hata sizikumbuki. Mimi nimerudi Guangzhou, ni mkalimani wa wafanyabiashara pale soko la nguo la Zhanxi, na wananisifu kwamba sipunguzi neno, hata liwe chungu namna gani. Mama amezeeka Mwanza. Juzi kwenye simu kaukumbuka tena ule mzigo. "Yule laoban alikuwa na roho mbaya," akasema. "Aliona kabisa naangamia, akakaa kimya. Wewe ulikuwepo, mwanangu. Si alisema kitambaa ni kizuri?"

Nikajibu, "Ndiyo, mama. Ndivyo alivyosema."