Kapteni wa Pili Angefanya Nini

Watu wakisikia kwamba mimi na rafiki yangu tulibishana miaka sita juu ya makapteni wawili wa meli ya angani, hucheka. Mwalimu wa shule ya msingi, mama mzima, na nyapara wa wachuma chai! Wacheke tu. Mimi sina raha ya kucheka nao.

Yeye alitoka upande wa ziwa, akaja Kericho kuchuma chai, mwishowe akapewa kikosi chake. Mimi ni wa hapa hapa, kwetu ni upande wa Sotik, na shule yangu inapakana na shamba lao la chai. Siku moja nilikwenda kwake kulalamika kuhusu bintiye aliyekuwa hafanyi kazi ya nyumbani, nikamkuta anatazama tamthilia ya zamani ya meli iliyobeba watu angani wakitafuta mahali pa kuishi. Nilikaa mpaka ikaisha. Habari ya binti nikaisahau kabisa.

Tangu hapo, kila Jumapili baada ya kanisa nilibeba chupa ya mursik, maziwa yetu yaliyoganda, nikaenda kwake. Yeye alikuwa wa kapteni wa kwanza, jitu kavu lisilouliza mtu. Mimi nilikuwa wa kapteni wa pili, mzee mwenye kigugumizi aliyeshika usukani yule wa kwanza alipokufa.

"Kiongozi ni yule wa kwanza," angesema. "Moto imeshika, anafunga mlango. Watu watatu wanabaki huko ndani, meli inapona. Wewe ungefanya nini, uite mkutano?"

"Huyo hajaongoza mtu. Amefunga mlango tu. Wangu aliingia kwa moto mwenyewe."

"Wako ni mtu mzuri, sikatai. Lakini akiungua, hao wengine utawaambia nini?"

Mke wake, akikaanga omena, alituambia kwamba tukipewa hiyo meli sisi wawili tutaiangusha Londiani kabla haijafika popote. Nilimpenda sana yule mama.

Kisha mashine za kuchuma zikaingia shambani. Mashine moja ilifanya kazi ya watu wengi, na kila mtu alijua maana yake, ila hakuna aliyejua zamu ni ya nani.

Siku moja ya katikati ya wiki, si siku yetu, nilipita na chupa yangu nikakuta televisheni imezimwa. Mke wake alikuwa ameenda sokoni. Rafiki yangu hakugusa maziwa.

"Mwalimu," akasema, "tuseme hewa ya meli haitoshi. Watu wanane lazima washuke. Kapteni wako angetoa nani?"

Ningemtazama usoni ningejua. Sikumtazama. Nina ulimi mkali na sipendi kushindwa, na pale niliona nafasi ya kumaliza ubishi wa miaka sita.

"Angeanza na jina lake," nikasema. "Kama hawezi kuanza na lake, asiguse la mtu mwingine."

Nikapiga makofi. "Leo nimekushika!"

Wiki iliyofuata nilimkuta akifunga godoro kwa kamba. Meneja alikuwa amemtaka alete majina ya watu wanane wa kikosi chake watakaoachishwa. Alipeleka majina saba na lake, lake likiwa juu. Shambani humo, kazi ikienda, nyumba ya kampuni inaenda nayo, na zahanati pia. Huko ndiko alikokuwa akipewa dawa za presha kila mwezi. Nilijua anazimeza. Nilikuwa nimeziona mara nyingi kando ya televisheni.

Nilimfokea. Nilimwuliza ni wazimu gani umemwingia.

"Si ni wewe ulisema?" akajibu, bila ubaya wowote.

"Mimi nilikuwa nabishana tu!"

"Mimi nilikuwa nakuuliza, mwalimu."

Mdomo huponza kichwa, ndivyo wasemavyo. Wangu uliponza kichwa cha mwenzangu. Alimwokolea kazi mama mmoja ambaye angekuwa wa nane, na mama huyo alichuma msimu mmoja tu kabla ya kikosi kizima kuvunjwa. Mpaka leo sijui nimkasirikie nani zaidi: aliyetaka majina, aliyeyaandika, au mimi.

Huko kwao ziwani alinunua dawa alipoweza, na asipoweza alikaa bila. Tulipigiana simu mara chache, na hatukutaja makapteni tena. Alianguka asubuhi moja akienda kuchota maji, na hakuamka.

Nilikwenda kumzika. Baada ya maombi mke wake alinishika mkono akaniketisha pembeni ya hema.

"Mwalimu, kuna kitu inanisumbua," akasema. "Karatasi ya kwanza niliiona na macho yangu. Alikuwa ameandika watu nane, na jina yake haikuwa. Mimi nikaenda soko. Kurudi, nikapata amerarua, ameandika ingine. Ni nani alikuja akamgeuza roho?"

Nilitazama viatu vyangu.

"Sijui, mama."

Akatikisa kichwa, akanishukuru kwa kutoka mbali hivyo kuja kumzika mtu wake. Kisha akainuka akanipakulia ugali na samaki kabla ya wageni wengine wote, kwa kuwa mimi, alisema, ndiye rafiki ambaye mumewe alimpenda kuliko wote. Nikapokea sahani, nikala.