Bwana Mkubwa Achanwe Mara Ngapi?

Kinyozi alikuwa msemaji dukani na bubu nyumbani, hasa tangu mama mkwe wake ahamie kwao na sanduku moja, mkongojo, na paka wa manyoya marefu aitwaye Bwana Mkubwa. Mkwe ni mkwe. Asubuhi Kinyozi alimwamkia, jioni akampa pole ya kutwa, basi. Mengine yote yalipitia kwa mkewe.

Kwa njia hiyo hiyo ombi likamfikia: vidole vya mama vimekakamaa kwa baridi yabisi, hawezi tena kushika kitana; je, baba watoto angemchana paka kila siku? Kinyozi akacheka chini chini. Akamwambia mkewe kwamba wateja wake, watu wazima wenye kazi zao, huja mara moja kwa mwezi na hakuna aliyelalamika. Paka ni nani hata awapite? Mkewe akafikisha jibu hilo kwa mama akiwa amelipunguza makali.

Mwezi haukuisha. Manyoya ya kwapani yalisokotana yakawa mafundo magumu, Bwana Mkubwa akawa anatembea ametanua miguu kama mtu aliyebanwa na suruali, na akiguswa tumbo ananguruma. Jumapili moja, wanawake wakiwa sokoni, Kinyozi akambeba hadi dukani, akamfunga kitambaa shingoni, akawasha mashine. Alikusudia kuondoa mafundo tu. Lakini upande mmoja ukapungua, akasawazisha wa pili. Wa pili ukapungua zaidi, akarudia wa kwanza. Mwishowe paka alibaki na manyoya ya kichwani na ya ncha ya mkia tu. Katikati, kuku aliyenyonyolewa.

Mama mkwe aliporudi alimtazama paka, akamtazama mkwewe, akaketi taratibu. Kinyozi alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Mwanangu," mama akasema, naye hakuwa amewahi kumwambia neno zito ana kwa ana, "ulimuuliza kwanza anataka mtindo gani?"

Mkewe alianza kucheka hadi akaangusha kikapu, mama akafuata. Kinyozi akaomba radhi mwenyewe, bila mjumbe.

Manyoya yalipoota, wakashirikiana: mama anampakata paka, Kinyozi anachana. Kwa bidii ya mtu aliyetubu, alichana asubuhi na jioni, mpaka Bwana Mkubwa akamng'ata kidole gumba.

"Sasa umezidisha," mama akamwambia. "Hata asali ikizidi inakera."

Wakajaribu kumpumzisha siku moja. Kesho yake, usingizi wa mchana ukiwa umemlegeza, paka alijilaza chali mwenyewe akangoja kitana. Mambo yakawa hivyo: leo anachanwa, kesho anaachwa. Mafundo hayakurudi, wala hakuna aliyeng'atwa tena.

Kuchana kule kulifungua vinywa. Mama alisimulia alivyofukuzwa kazi ya upishi kwa kushindwa kuzuia kicheko mbele ya tajiri wake. Kinyozi akakiri kwamba ujanani alitaka kuwa mpiga tarumbeta, jambo ambalo hata mkewe hakulijua. Na siku ambazo paka hana zamu, mama hushika mkongojo wake akaenda kukaa dukani, kiti cha pembeni, akiwaambia wateja waziwazi nani ndevu zinamkaa na nani azinyoe. Wengi humtii. Mmoja aliyekaidi alirudi baada ya wiki, akaketi, akamwambia Kinyozi amnyoe kama mama alivyosema.