Ng'ombe wa Mabati

Kila ninaposikia harufu ya mabati yakichomelewa, namkumbuka shangazi. Maduka ya zamani ya mji wetu wa Kabati yalipobomolewa ili yajengwe maghorofa, aliokota mabati, bawaba na masufuria, akatengeneza ng'ombe mzima na kumsimamisha uani.

Siku moja mzee wa kanisa, jirani yetu, akamjia shangazi amekasirika.

"Mama, hii ni sanamu ya kuabudiwa. Ibomoe leo!"

Nikiwa bado mtoto, nilikumbatia mguu wa bati, nikalia. Mara fahali wa mzee mwenyewe akavunja ua, akaanza kumlamba ng'ombe wetu shingo kwa upole. Mzee alivuta kamba hadi akatokwa jasho. Fahali hakusogea.

"Mzee," shangazi akasema, "anayeiabudu si mimi."

Fahali alikaa kwetu siku tatu. Mzee alimletea nyasi kila asubuhi.