Injini Kubwa kwa Ajili ya Maksai

Kilichoninyima usingizi majuma yale kilikuwa swali ambalo hakuna mwalimu wa chuo aliyewahi kunitungia: nikiing'oa injini kubwa ya noah kwenye gari letu na kuweka ile ndogo niliyoitaka tangu mwanzo, je, maksai wa baba atakuwa ameuzwa bure? Nililigeuza kila upande. Nikiiacha, gari limeharibika. Nikiitoa, itabidi nimwambie baba kwamba nilijua tangu siku ya kununua.

Nilirudi Bariadi na shahada ya uhandisi mitambo, bila kazi. Binamu yangu, mtoto wa shangazi, ana karakana ya kuchomelea mageti na madirisha, akanikaribisha nishinde pale badala ya kushinda nyumbani nikisubiri simu za usaili. Gari lilianza kama utani. Viti viwili, halina paa, chesisi ya mabomba membamba, gari la michezo la kwanza kuundwa mjini kwetu. Siku chesisi ilipokamilika tuliibeba wawili hadi nje, na hapo nikaanza kuamini. Wepesi ndio ulikuwa siri yake yote. Gari jepesi halihitaji nguvu nyingi, breki zake hazipati taabu, na kona linakata bila kubembelezwa.

Kwa hiyo nilichagua injini ya kirikuu, yale malori madogo yanayobeba nyanya na magunia sokoni. Silinda tatu, nyepesi, vipuri vyake viko kila duka. Nilipanga na namna ya kuiendeleza: kuchonga hedi, kile kifuniko cha juu ya silinda, kidogo ili ibane zaidi, kupunguza uzito wa flaiwili, lile gurudumu la chuma linalozunguka na injini, ili ipande mizunguko haraka, kutengeneza ekzosi mpya. Hesabu nilizirudia mpaka binamu akasema nikizirudia tena atanichomelea mlango nisitoke.

Ndipo baba alipokuja asubuhi moja kutoka kijijini, upande wa Zagayu, amevaa koti lake la kanisani.

"Mwangaluka, baba," nikamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka. Nasikia gari lenu halina moyo."

"Tunatafuta injini."

"Basi kaitafute." Akanishikisha bahasha. "Nimempeleka yule wa kulia mnadani."

Baba alikuwa na maksai wawili wa kulimia, waliofunzwa pamoja tangu wakiwa ndama. Mmoja hufungwa nira upande wa kulia, mwingine kushoto, na hawabadilishwi. Ukimtoa mmoja, aliyebaki si nusu ya jozi. Ni ng'ombe tu. Na pamba iliyonisomesha ililimwa na hao wawili.

"Baba, na mvua zikija?"

"Nitapata mwingine nimfundishe. Wewe piga hesabu za injini, zangu niachie."

Nikaenda Mwanza, kwenye maduka ya injini za mtumba. Muuzaji alinitolea ya kirikuu, akaiweka sakafuni mbele yangu. Nilikuwa nimeiona mara nyingi ndani ya magari. Pale chini, peke yake, ilikuwa kama sufuria la ubwabwa wa watu wachache. Nikamwona baba akilini, amesimama juu yake, mikono nyuma, akiuliza: huyu ndiye maksai wangu?

"Hii ni ya kubebea nyanya, braza," muuzaji akasema. "Gari la mbio unaweka hii?" Akapiga kofi kwenye injini ya noah, yale magari ya kubebea abiria, iliyokuwa pembeni, silinda nne, chuma kitupu. Nilijua ni nzito mno. Nilijua kwa tarakimu. Lakini ilikuwa na ukubwa wa kumfaa ng'ombe yule, nami nikainunua hiyo.

Binamu alipoiona alipiga mbinja. "Sasa hii ndiyo injini! Ile nyingine tungemwachia mama asagie mahindi."

Kuanzia hapo kila kazi ilikuwa ya kulitetea kosa. Chesisi ilijikunja, tukaongeza mabomba. Mabomba yakaongeza uzito, tukabadili springi za mbele. Springi zikataka mikono mizito zaidi ya magurudumu. Hedi sikuigusa, flaiwili sikuigusa. Sikuwa naendeleza injini tena. Nilikuwa naijengea nyumba. Binamu aliponiuliza kwa nini sichoki, nilimwambia tuko kwenye hatua ya majaribio. Neno hilo hakulipinga, kwa sababu lilikuwa la kisomi.

Tulilijaribu kwenye uwanja wa mpira. Mbele ya goli nikakata usukani, gari likaendelea moja kwa moja, pua imelala chini, likapita katikati ya milingoti.

"Gooo!" binamu akapaza sauti, amejishika mbavu. "Msomi, tumeunda trekta!"

Nilicheka naye. Kisha nikajifanya natafuta kitu chini ya kiti, maana macho yalikuwa yananiuma.

Mvua za kwanza zilinikuta nimeenda nyumbani. Baba alikuwa shambani, amemfunga yule wa kushoto pamoja na dume mchanga asiyejua nira. Mkubwa alivuta, mdogo akasimama, plau ikaruka juu ya udongo. Mtaro ulikwenda pembeni, ukarudi, ukakatika. Mama alikuwa akipanda nyuma yao, akiruka sehemu zisizolimika.

"Huyu anamburuta mwenzie tu," aliniambia taratibu. "Jioni hata majani hali."

Jirani alikuwa amesimama mpakani. Baba akasimamisha plau ili amweleze. "Huyu ndiye kijana wangu wa magari. Ameweka injini kubwa kweli. Waulize Bariadi." Akanigeukia. "Inaendeleaje?"

"Vizuri, baba."

Jirani alipoondoka nilibaki pale. Nikawaza niseme kesho. Nikawaza niandike ujumbe wa simu, nikautunga kichwani, nikaufuta. Baba akamsukuma dume mchanga kwa bega lake mwenyewe, akateleza, akapiga goti kwenye tope. Nikamfuata.

"Baba, si vizuri. Injini nimekosea."

"Imekufa?"

"Nzima. Ni nzito. Ndogo ndiyo iliyofaa, na nilijua. Niliogopa uje uione, uone ng'ombe wako amekuwa kitu kidogo."

Alijifuta tope kwenye goti kwa muda mrefu kuliko lilivyohitaji. "Mimi nilikutuma injini ya gari lako," alisema. "Ulikwenda kuninunulia mimi?"

Akarudi kushika plau.

"Shika kamba ya huyu mdogo. Umtangulie, usimvute."

Tulilima hadi jua lilipokuwa kali. Hakuniambia yameisha, na mimi sikumwomba aniambie.

Niliporudi mjini nilimtafuta dereva wa noah ambaye injini yake ilikuwa imeanza kugonga, na gari lake lilikuwa limelala kwa fundi. Akaja kuisikiliza yetu ikiunguruma, akaitaka papo hapo. Binamu alinuna. Alisema tutachekwa, nikamwambia tayari tumeshachekwa uwanjani. Tukafungua boliti, tukaining'iniza kwa mnyororo, tukaishusha. Fedha ya dereva ilitosha injini ya kirikuu, na iliyobaki niliituma kijijini kukodi jozi ya maksai waliofunzwa, wamalizie shamba la pamba kabla ardhi haijakauka. Baba alijibu kwa simu neno moja, "Imefika."

Mabomba tuliyoyaongeza tukayakata moja baada ya jingine. Kisha tukaibeba injini ndogo kwa mikono, tukaiweka juu ya meza ya kazi, na nikaanza kufungua hedi ili nikaichonge.