Jiwe Hupita Kwanza Kwenye Mkono wa Mama Mawe

Saa moja na nusu asubuhi, kioo cha dirisha kimejaa ukungu kwa ndani, na Mama Mawe anakoroga sufuria yake kwa mwiko wa mbao. Ndani hamna chakula. Kuna mawe ishirini na matatu, meusi, laini kama sabuni iliyokwisha kutumika, yamelazwa juu ya taulo ili yasigongane.

"Mama Mawe, mboga imeiva?" msusi anauliza kutoka chumba cha mbele, iliko saluni yake.

"Bado ngumu. Lete meno yako tujaribu."

Mzaha huu wameurudia karibu kila asubuhi kwa miaka minane, na bado wanacheka. Ila leo kicheko cha Mama Mawe ni kifupi. Saa tatu anakuja Mzee Breki, dereva mstaafu wa lori, mteja aliyemuunguza mwaka jana.

Mama Mawe, mwenye umri wa miaka hamsini na mmoja, ni mkandaji. Hukanda watu kwa mafuta na mawe ya moto katika chumba kisichozidi hatua nne kwa tano: kitanda chembamba, jiko la umeme, rafu ya taulo, kiti kimoja, na misumari miwili ya kutundikia makoti. Msimu wa joto hupata wateja watatu kwa siku, pengine mmoja. Baridi ikishika, hufika tisa.

"Baridi inawakunja watu," anasema. "Mtu anatembea miezi mitatu mabega yamepanda hadi masikioni, halafu anashangaa shingo haigeuki. Ukimgusa kwa mkono mtupu anaruka. Lakini jiwe lenye joto, mwili wenyewe unalegea. Mimi namalizia tu."

Mawe makubwa huyapanga kando ya uti wa mgongo, juu ya taulo. Ya wastani huyapaka mafuta na kuyapitisha mabegani, taratibu, kama mtu anayepiga pasi nguo ya hariri. Yale madogo huyabana katikati ya vidole vya miguu.

Mama mmoja anayeuza mboga nje tangu alfajiri huja kila Jumatatu. "Nikitoka hapa, vidole vinarudi kuwa vyangu," anasema huku akivaa soksi za pili juu ya zile za kwanza. "Na usiku nalala, si kuhesabu mabati."

Muuguzi wa zahanati ya mtaa wa pili haoni ajabu. Anasema joto hulegeza misuli iliyokaza, husaidia damu kutembea vizuri na humtuliza mtu hata akapata usingizi. "Lakini si dawa ya kila kitu. Na mwenye kisukari, mjamzito, au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, aanze kwetu kwanza. Kuna watu ngozi yao haiwaambii kwamba inaungua."

Mama Mawe anayajua hayo sasa. Aliyajua vibaya.

Kazi alifundishwa na dada yake, aliyeyaokota mawe hayo mtoni kwa misimu miwili, akilitupa moja baada ya jingine hadi akapata aliyoyataka. Dada huyo alikuwa na desturi yake. Kabla jiwe halijamgusa mteja, alilibana kwenye mkono wake mwenyewe, upande wa ndani, chini kidogo ya kiwiko, akahesabu hadi tano.

"Mimi nilikuwa namcheka," anasema Mama Mawe. "Namwambia, dada, una viganja viwili vya kupimia, ya nini kujichoma mkono? Ananijibu, 'Kiganja kimeshazoea moto, mdogo wangu. Kinakudanganya.'"

Dada alifariki miaka mitatu iliyopita, baridi ilipokuwa inaanza, kwa ugonjwa wa kifua. Aliacha sufuria, mawe, na daftari la wateja. Wiki ya pili baada ya mazishi, Mama Mawe alifungua mlango akaendelea na kazi peke yake. Watu walimsifu kwa kujikaza.

Jambo moja hakumwambia mtu.

"Kila nikilipeleka jiwe mkononi, nilimwona yeye. Alikuwa na alama nyekundu hapa, haikuwahi kufutika. Nikawa naiona kwenye mkono wangu. Nikaacha kupima. Nikajiambia kiganja kinatosha."

Kiganja kilitosha kwa karibu miaka miwili. Kisha akaja Mzee Breki, mwenye kisukari ambacho hakukitaja kwa sababu hakuulizwa. Alilala fofofo jiwe likiwa juu ya shavu la mguu. Alipoamka aliaga vizuri, akashukuru. Jioni mkewe alimvua soksi, akaona lengelenge kubwa kama kifuniko cha chupa ya soda.

Kidonda kilichukua wiki saba kupona. Kila siku ya kusafishwa, Mama Mawe alikwenda zahanati, akakaa kwenye benchi la nje na wanandoa hao. Mke hakumsemesha. "Hakunitukana. Bora angenitukana," anasema.

Alifunga chumba miezi minne. Mawe akayatia ndoo, ndoo akaisukuma chini ya kitanda nyumbani. Aliyemfuata ni msusi.

"Nilimwambia ukweli," msusi anakumbuka. "Dada yako hakuhangaika mtoni ili mawe yakalale na mende."

Alirudi na karatasi aliyoibandika ukutani: Taja ugonjwa wako. Sema ukihisi moto. Usilale. Hilo la tatu wateja wanalilalamikia, kwani wengi huja kutafuta usingizi. Huwajibu wakalale kwao. Na mwenye kisukari hamgusi kwa jiwe kabisa.

Mzee Breki alimwomba, akamkatalia. Akaomba tena, akamkatalia. Mara ya tatu mzee alileta maneno ya muuguzi: mgongo na mabega tu, joto la wastani, miguu isiguswe.

"Nikishindwa kupima kesho," Mama Mawe alimwambia msusi jana, "mawe haya nayagawa. Narudi kufua mashuka hotelini, kazi yangu ya zamani."

Saa tatu kasoro dakika tano, hodi inapigwa. Mke ametangulia.

"Nimekuletea mtu wako. Usiku hageuki bila kunipiga kiwiko. Mabega yamekuwa ubao."

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mpishi. Leo naomba nisikaangwe."

"We mzee!" mkewe anamkemea. Mama Mawe hacheki.

Mzee analala kifudifudi. Mke anakaa kwenye kiti, mkoba mapajani, macho kwenye sufuria. Mama Mawe anakunja mkono wa sweta, anatoa jiwe, analikausha, analibana chini ya kiwiko. Moja, mbili, tatu. Analiondoa kabla ya tano, analichovya kwenye beseni la maji baridi, anarudia. Safari hii anafika tano. Anahesabu tena tangu mwanzo. Hakuna anayemharakisha.

Jiwe linatua begani.

"Ongea, mzee wangu."

"Niongee nini?"

"Chochote. Kwa nini wanakuita Breki?"

"Ah! Kila kabla ya mteremko nilisimamisha lori, nikashuka, nikapitisha mkono karibu na magurudumu. Yakiwa na moto, nasubiri. Wenzangu walinipita wakinizomea. 'Breki, umelala?' Nami nasubiri." Anavuta pumzi. "Siku moja nilichelewa, sikupima. Siku moja tu. Lori likaishia mtaroni, na mzigo wote wa saruji. Tajiri akanipa funguo tena baada ya wiki tatu. Mpaka leo sijui kwa nini."

Ananyamaza. Papo hapo Mama Mawe anainua jiwe.

"Nipo, nipo," mzee anasema bila kufungua macho. "Nimemaliza hadithi tu. Rudisha jiwe."

Mke anaweka mkoba sakafuni.

Wanapoondoka, mzee anageuza shingo kulia, kisha kushoto, kama dereva anayetazama vioo. "Tuandikie Alhamisi ijayo," anasema mkewe. Ndiyo mara ya kwanza kumwomba Mama Mawe jambo tangu benchi la zahanati.

Mwezi ujao Mama Mawe ataanza kufundisha wanawake wawili wa hotelini waliomwomba kazi hii, na akijaliwa ataongeza kitanda cha pili kabla baridi haijaisha.

"Sitawaanzishia mafuta wala taulo," anasema. "Nitawaambia wakunje mikono ya sweta."

Chini ya kiwiko chake kuna duara jekundu. Bado anamwona dada yake kila akipima?

"Namwona," anajibu, na kutoa jiwe jingine kwa ajili ya mteja wa saa nne. "Sasa namwacha akae." Analibana mkononi, anaanza kuhesabu.