Kiungo Aliyekuja Vanga Bila Njumu

Niliondoka Matuga kwa sababu ya majigambo yangu mwenyewe. Miaka yote nimewaringia watu wa Vanga, nilikozaliwa, kwamba yule kiungo kijana Mjerumani wanayemtazama kwenye simu ni mpwa wangu, mtoto wa dadangu Mwanasha. Basi waliposikia amefika Diani kupumzika, wakadai aje acheze nao. Nikaapa nitamleta.

Diani, asubuhi. Bakari alinisubiri nje ya hoteli, mrefu kama babake Mjerumani, macho ya mamake.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Njumu zi wapi?"

"Sikuja nazo."

Nikacheka. Nilidhani matajiri wa mpira hupenda kucheza pekupeku wakija kwetu.

Msambweni tulisimama kununua maji. Nikamkumbusha alipokuwa mdogo, kabla ya kupanda ndege kwenda Ujerumani, nilipojaza maji kinywani nikamrushia miguuni. Ndiyo mila yetu: mjomba ndiye anayemfungulia mpwa njia.

"Nakumbuka," alisema. "Ndiyo maana nimekuja."

Kuanzia Lunga Lunga barabara ililitikisa gari langu hasa. Kila tulipoingia shimoni Bakari aliweka kiganja kifuani.

"Barabara hii haijaua mtu," nikamtania. Hakucheka.

Vanga, alasiri. Watu walikuwa wamejaa pande zote za uwanja. Nahodha akamkabidhi jezi. Bakari akaishika, kisha akanivuta kando ya goli.

"Mjomba, moyo wangu una kasoro. Madaktari wamesema nikicheza tena naweza kuanguka nisiinuke. Klabu bado haijatangaza."

"Mamako anajua?"

"Anajua. Amesema aliyenifungulia njia ndiye wa kuifunga. Ukisema nicheze leo, nitacheza."

Nikashika mlingoti wa goli. Kijana wa miaka ishirini na miwili, ndiyo kwanza dunia imeanza kulijua jina lake! Na uhai wake ameuweka mdomoni mwangu, mdomo huu uliozoea kuropoka.

"Mjomba, mwache aingie!" watu walipiga kelele. Na wallahi, kwa kitambo kidogo nilifikiri: dakika tano tu, nisiaibike. Wazo hilo lanitisha mpaka leo.

Nikaichukua ile chupa ya Msambweni, nikajaza kinywa, nikamrushia maji kifuani mbele ya watu wote.

"Imetosha, mwanangu. Pumzika."

Maji yale kila mtu wa Vanga anayajua: mjomba ameifunga njia. Nahodha akaja polepole, akamvalisha jezi juu ya shati lililolowa, akamkalisha kwenye kiti cha kocha. Mechi ikachezwa bila yeye, naye akapiga makofi hadi mwisho.

Safari ya kurudi, Bakari alilala. Ng'ombe akivunjika guu hukimbilia zizini, na zizi lenyewe nusura limmalize. Kila shimo nililipita taratibu. Miaka yote nilikuwa nikitazama miguu ya mtoto huyu. Njia nzima hadi Diani nilitazama kifua, kama kinapanda na kushuka.